Pini za Chuma na Nyama Isiyoungana

Msafiri atokaye Nakuru kwa barabara ya Eldoret, akisha kuuacha mlima Menengai mkono wake wa kuume, huingia katika nchi ya Rongai, ambayo kwa macho ya leo ni nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, na kwa upande wa Kampi ya Moto hata Mogotio ni nchi ya mkonge; lakini kabla ya mapatano ya mwaka 1904, ambayo kwayo Wamaasai waliondolewa katika sehemu ya kati ya Bonde la Ufa ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu, nchi yote hii ilikuwa malisho, na wenyeji wake waliishi kwa maziwa, nyama na damu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza reli ya Uasin Gishu ikapitishwa hapa, ikafika Eldoret mwaka 1924 na Kampala mwaka 1931, na pamoja nayo zikaja sukari, unga mweupe na mshahara wa mwisho wa mwezi. Habari hizi za ardhi na chakula ndizo mlango wa jambo ninalokusudia kulieleza, yaani tarikhi ya kulifunga tumbo la mwanadamu kwa pini za chuma ili ale kidogo, na sababu iliyofanya pini hizo, baada ya miezi au miaka, ziiache kazi zilizowekewa.

Mababu zetu hawakuwa na haja ya upasuaji wa namna hiyo. Mwaka 1929 C. P. Donnison, tabibu aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini, alieleza jinsi alivyowapima watu wapatao 1,000 shinikizo la damu, akaona kwamba kwao halikuzidi kupanda uzeeni kama lilivyopanda kwa watu wa Ulaya. Na mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks, huyu wa pili akiwa mkuu wa utabibu katika serikali ya Kenya, walitoa taarifa yao juu ya siha ya Wakikuyu na Wamaasai, wakasema kwamba mwanamume wa Kimaasai alimzidi mwenziwe wa Kikuyu kwa wastani wa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito, wakainasibisha tofauti hiyo na chakula. Ukizisoma taarifa za zama hizo utaona kwamba hofu ya matabibu ni njaa, upungufu na maradhi ya kuambukiza. Kitambi hakitajwi kama balaa la umma. Lakini uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulikuta kwamba watu wazima wapatao 27 katika kila 100 wamezidi uzito uwafaao, na kwa wanawake hesabu ilipita 38. Mabadiliko makubwa kiasi hiki yametukia katika muda usiozidi umri wa mzee mmoja, na ndiyo yaliyowafanya baadhi ya watu wa Rongai na Nakuru, wenye kisukari na presha na magoti yasiyowabeba tena, wauze shamba au wachangiwe na jamaa ili waende kupunguzwa tumbo katika hospitali za binafsi za Nairobi, na wengine India.

Sasa, swali la kwamba chuma chaweza kuishika nyama kwa muda gani ni la kale, na shahidi wake mmoja aliye bora kabisa yumo humu humu Afrika Mashariki. Mwaka 1879 Robert Felkin, Mwingereza aliyekuja Uganda na ujumbe wa wamisionari, alikuwapo mahali paitwapo Kahura katika nchi ya Bunyoro, akamshuhudia mpasuaji wa Kinyoro akimtoa mtoto kwa kulipasua tumbo la mama, na habari hiyo akaichapisha Edinburgh mwaka 1884. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi hata fahamu zikapungua, na kwa pombe hiyo hiyo mpasuaji alinawa mikono na kuliosha tumbo; palipotoka damu paliguswa kwa chuma cha moto; na mtoto alipokwisha kutoka, kingo za jeraha zilikutanishwa kwa pini saba nyembamba za chuma kilichosuguliwa, zikazungushiwa uzi wa gome la mti, kisha jeraha likapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa na kufunikwa jani la mgomba lililopashwa moto. Jambo linalonishangaza katika maelezo yake, kupita ushujaa wa yule mama na ustadi wa yule fundi, ni habari ya pini zenyewe, kwani hazikuachwa zikae: zilianza kutolewa siku ya tatu, na kufikia siku ya sita hapakubaki hata moja, na siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limefunga. Mpasuaji yule, ambaye jina lake halikuandikwa, alijua kwamba chuma kazi yake ni kushikilia tu mpaka nyama ijishike yenyewe.

Kujishika huko kuna sharti lake, na sharti hilo ndilo kiini cha maneno yangu yote. Nyama huungana na nyama pale palipojeruhiwa, maana damu huganda hapo, chembe za kujenga zikaingia, nyuzi za kovu zikafumwa kutoka ukingo huu hata ule. Pasipo jeraha hapana kovu, na pasipo kovu hapana muungano. Utando wa nje wa utumbo una upesi wa kushikamana, na mwaka 1826 Mfaransa Antoine Lembert aliufanya upesi huo kuwa kanuni ya ushonaji, kwa kuukunja ukuta wa utumbo ili utando wa nje ukutane na wenziwe. Lakini ngozi laini ya ndani, ile itoayo ute na tindikali na kujibadilisha upya kila baada ya siku chache, haina tabia hiyo kabisa; ziweke pande zake mbili zilizo nzima uso kwa uso, uzibane mwaka mzima, nazo zitabaki jirani wasiojuana.

Ulaya haikuanza kutumia pini kwa ajili ya unene. Mwaka 1908, huko Budapest, mpasuaji Hümér Hültl aliyekuwa akikata matumbo yenye vidonda na saratani, naye akiogopa uchafu wa tumboni usimwagikie kwenye viungo vingine, alimwendea fundi Victor Fischer, nao wakatengeneza chombo kilichobana tumbo na kulipiga safu nne za pini za waya wa chuma, mbili upande huu na mbili upande ule, ili kisu kipite katikati pasimwagike kitu. Kilikuwa chombo kizito, cha zaidi ya kilo tatu, na kukiunganisha kulichukua saa mbili. Lakini fikra mbili zilizokuwamo ndani yake zingali hai mpaka leo. Ya kwanza ni kwamba pini za safu moja hazielekeani na za safu ya pili, bali kila moja huzibia pengo lililo kati ya mbili za jirani. Ya pili ni umbo: miguu ya pini, ikishindiliwa, hailali bapa, bali hujikunja na kurudi ndani hata ikafanya herufi B, na katika yale matundu mawili ya herufi mishipa midogo ya damu huendelea kupita, ili ukingo uliobanwa usife kwa kukosa damu.

Mwaka 1921 Mhungari mwenziwe, Aladár Petz, alileta chombo chepesi zaidi, na mwaka 1934 Mjerumani Friedrich wa Ulm akakifanya kiweze kupakiwa pini upya. Kisha kazi ikahamia Urusi, ambako katika miaka ya 1950 taasisi ya vyombo vya upasuaji ya Moscow ilitengeneza stepla, yaani vyombo hivyo vya kupigia pini, za mishipa, za mapafu na za utumbo. Mwaka 1958 Mmarekani Mark Ravitch alizuru Kiev, akaona jinsi mapafu yanavyofungwa kwa pini, na kabla ya kurudi kwao akajinunulia chombo kama hicho katika duka la Leningrad. Yeye pamoja na Felicien Steichen waliifanyia stepla hiyo majaribio mengi, na mfanyabiashara Leon Hirsch, aliyeanzisha kampuni ya United States Surgical mwaka 1964, akaanza kuuza stepla za namna hiyo mwaka 1967 zikiwa zimekwisha pakiwa pini tayari. Ravitch aliwajibu wasomi waliomshutumu kwa kuivunja kanuni ya Lembert kwamba, ijapokuwa pini zake hukutanisha ngozi ya ndani kwa ngozi ya ndani, ukingo uliokatwa huungana vema. Naye alisema kweli, maana yeye alizungumza juu ya ukingo uliokatwa.

Wakati huo huo huko Iowa, Edward Mason alikuwa ameona kwamba wanawake waliopunguzwa tumbo kwa sababu ya vidonda walibaki wembamba hata walipotaka kunenepa. Upasuaji wa unene uliokuwapo kabla yake ulikuwa wa kuruka sehemu kubwa ya utumbo mdogo, nao uliwaharibia wengi ini na kuwakosesha virutubisho. Mwaka 1966 Mason na Chikashi Ito waliligawa tumbo sehemu mbili kwa kulikata, wakaunganisha sehemu ndogo ya juu na utumbo, na kazi yote wakaishona kwa mkono. Ilikuwa kazi ndefu, na kwa mtu mnene sana aliyelazwa chini ya taa, mafuta yake yakiwa yamefunika kila kitu, ilikuwa kazi ya hatari. Uvujaji mmoja tu ulitosha kumwua.

Basi mtu asistaajabu kwamba stepla ilipokelewa kwa furaha. Mwaka 1977 John Alden wa Minnesota alieleza njia iliyoonekana kuwa rahisi na ya salama: hakulikata tumbo, bali alilipiga safu za pini kutoka ukingo hata ukingo, pakawa na chumba kidogo juu na kikubwa chini, na ukuta wa pini katikati. Hapakuwa na ukingo uliokatwa wa kuvuja, muda mezani ukapungua, na vifo vya siku za mwanzo navyo vikapungua. Wengine, na Mason mwenyewe miongoni mwao, walikuwa wamekwisha kujaribu njia nyingine ya kulibana tumbo bila kuugusa utumbo, na mwaka 1980 yeye akaleta ile ya kusimamisha safu ya pini wima kandokando ya mpindo mdogo wa tumbo, na kuuvisha mlango wa chumba ukanda usiotanuka. Upasuaji huo ulienea sana duniani katika miaka kumi iliyofuata, na wagonjwa walipungua uzito kwa namna iliyowapendeza wao na madaktari wao.

Ndipo wakaanza kurudi. Mgonjwa aliyekuwa akishiba kwa vijiko vichache vya uji alijiona anamaliza sahani. Njaa iliyokuwa imenyamaza ikasema. Uzito ukapanda ratili kwa ratili. Na wengine wakaja na kiungulia kikali na kidonda karibu na mlango wa utumbo, kwa sababu tindikali ya chumba cha chini ilikuwa imepata njia ya kupanda juu. Walipomezeshwa dawa nyeupe na kupigwa eksirei, dawa ilionekana ikipenya katikati ya ukuta wa pini. Huko Montreal, Lloyd MacLean na wenziwe, ambao waliwafuatilia wagonjwa wao kwa bidii isiyokuwa ya kawaida, walitangaza mwaka 1990 kwamba karibu nusu ya wale waliofanyiwa upasuaji ule wa Mason wa mwaka 1980 ukuta wao ulikuwa umefunguka. Wengine hawakuwa wamegundua idadi kama hiyo, na sababu moja ni kwamba hawakuwatafuta wagonjwa waliokwisha kwenda zao; jambo hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu bado hutendeka.

Kwa nini ukuta ule ulifunguka? Wachukuzi wa Rongai washonao magunia wakati wa mavuno wanaweza kulijibu swali hili nusu yake. Mchukuzi huukunja mdomo wa gunia, akaacha masikio mawili pembeni pa kushikia, akapitisha shazia yenye uzi wa katani. Na lau gunia limeshindiliwa kupita kiasi, likatupwa juu ya lori na kukanyagwa, uzi haukatiki, bali uzi hukila kitambaa, tundu la shazia likawa refu, mpaka mahindi yakaanza kutoka moja moja. Pini nayo si lazima ivunjike. Chumba kidogo hujazwa kila siku mara tatu na zaidi, kikatanuka, kikavuta, na kila mvuto pini huisogelea nyama kidogo, ikaila, ikaipita. Huko kuliwa ndiko nusu ya kwanza ya jibu. Nusu ya pili, ambayo gunia haliwezi kuionyesha, ni ile niliyoitanguliza: kwa kuwa tumbo halikukatwa, pande mbili za ngozi ya ndani zilibanwa zikiwa nzima, hapakuwa na jeraha, hapakufumwa kovu, na kwa hiyo pini zilizotakiwa kushikilia kwa siku sita zikalazimishwa kushikilia maisha yote. Fundi wa Kahura aliweza kuzitoa pini zake kwa sababu kingo alizozikutanisha zilikuwa mbichi. Wapasuaji wa 1977 walikuwa na chuma bora kuliko chake mara elfu, wakakipa kazi ambayo hakuna chuma kiiwezacho.

Walipoona hivyo, kwanza waliongeza safu za pini kutoka mbili hata nne, na ufungukaji ukapungua lakini haukwisha. Dawa iliyofaa ilikuwa kurudi kwenye kisu: kulikata tumbo kati ya safu na safu, ili kila ukingo uwe na jeraha lake na kovu lake. Hata hapo mwili ulikuwa na neno lake, maana kingo mbili mbichi zilizolala zikigusana zina nia ile ile ya kuungana, na kwa wagonjwa wachache chumba kidogo kilifanya nasuri na tumbo la zamani, chakula kikapita tena njia iliyozibwa. Ndiyo maana MacLean alitia kipande cha utumbo katikati yao, ili zisionane.

Tangu mwaka 2000 hivi, na hasa baada ya Michel Gagner na wenziwe kuutumia kama hatua ya kwanza kwa wagonjwa walio wanene mno, umeenea upasuaji wa kuondoa takriban sehemu nne kwa tano za tumbo na kuacha mrija mwembamba, na huu ndio ambao wengi wa wagonjwa wa Kenya hufanyiwa leo. Hapa hakuna ukuta wa katikati wa kufunguka, kwa kuwa sehemu iliyokatwa hutolewa nje kabisa. Lakini uko mshono mmoja mrefu wa pini za titani, nao una udhaifu wake. Ukuta wa tumbo haulingani unene: karibu na mlango wa chini huzidi milimita 3, na juu, karibu na umio, hupungua hata chini ya milimita 2, na kwa hiyo mpasuaji hubadilisha pini kwa kimo, ambazo hutambulikana kwa rangi ya kasha lake. Pini fupi katika nyama nene hainyooki ikakunja miguu sawasawa, na ikikunja huikaba nyama damu isipite. Pini ndefu katika nyama nyembamba huilegeza, pakavuja. Tena, mlango wa chini wa tumbo umebaki mzima na hujifunga wakati wake, hivyo mrija mwembamba hubeba shinikizo ambalo tumbo pana halikulijua, na shinikizo hilo husukuma juu, pembeni mwa umio, mahali ambapo nyama ni nyembamba na damu yake ni haba. Ndipo hapo uvujaji mwingi hutokea.

Uvujaji huo aghalabu hauji siku ya kwanza. Katika siku za mwanzo mshono wote umesimama kwa nguvu ya pini peke yake, na mwili, kabla ya kufuma nyuzi mpya za kovu, huyeyusha kwanza baadhi ya zile za zamani, kiasi kwamba kati ya siku ya tatu na ya tano ukingo huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa mezani; kwa hiyo mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na furaha huenda akashikwa na homa, mapigo ya moyo ya kasi na maumivu ya bega la kushoto katika juma la kwanza au la pili, akiwa Rongai na mpasuaji wake yuko Nairobi. Dalili hizo zisingojwe mpaka asubuhi.

Zaidi ya hayo ziko sababu za miaka ya baadaye, hasa kwa waliounganishwa tumbo na utumbo. Tumbaku huibana ile mishipa midogo ya damu iliyoachiwa njia katika herufi B. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo maduka ya dawa ya vijijini kwetu huziuza kwa mtu yeyote mwenye mgongo unaouma, huleta kidonda kwenye muungano, na kidonda kikichimba hufikia mshono na kuutoboa. Mkulima aliyefanyiwa upasuaji huu, akirudi shambani akaumwa kiuno, hupewa vidonge hivyo na mtu asiyejua kwamba tumbo lake limepunguzwa, kwa kuwa hakumwambia. Naye hakumwambia kwa kuwa hakuna aliyemwonya.

Kwa hiyo nawasihi waliopata upasuaji huu, na wale wanaokusanya fedha kwa ajili yake, kwamba waiombe hospitali karatasi ya upasuaji yenye kutaja kama tumbo lilikatwa au lilibanwa tu, na kwa pini za namna gani, waitunze pamoja na hati ya shamba, na waionyeshe kwa kila tabibu na kila muuza dawa. Na aliyefungwa tumbo miaka mingi iliyopita, ambaye sasa anamaliza sahani kama zamani au kiungulia kimerudi usiku, asijilaumu kwa ulafi wala asikubali kulaumiwa; aende akapigwe eksirei ya dawa nyeupe au atazamwe kwa kamera ya umio, kwa sababu ukuta uliofunguka huonekana, na ukionekana hutengenezeka.